Mgeni wa Jikoni

Mchana wa Diwali, sikukuu ya taa, mwaka 1934, Mwanamkasi, kibarua wa nyumba, alitwanga mchele uani kwa Jethalal, mwenye duka la nguo Bagamoyo. Mke wa Jethalal akauchukua ule unga, akachora nyayo ndogondogo kutoka barazani hadi sebuleni, za kumwonyesha njia Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, asije akaingia kwa jirani.

Jamna alibaki jikoni, huko nyuma. Alikuwa mjane wa mdogo wake Jethalal, umri miaka ishirini na mbili, kichwa kimenyolewa, sari nyeupe. Kwao mjane haonekani siku ya heri, ni nuksi. Aliomba jambo moja tu: awashe taa moja mbele, pamoja na wenzake. Jethalal, shemeji yake, alimkatalia kwa upole, kama kila mwaka.

Magharibi Lakshmi akafika. Alizifuata nyayo mpaka katikati ya baraza, akakata kona, akapita uchochoroni, akaingia jikoni. Kiti hakikuwapo, akakalia mbuzi ya kukunia nazi. Mikono yake miwili ilishika mayungiyungi, miwili mingine ikamsaidia Jamna kuchambua dengu.

"Karibu, mama," alisema Mwanamkasi, akamsogezea ungo. Yeye Mwislamu, na mambo ya Mabanyani aliwaachia Mabanyani wenyewe, lakini mgeni ni mgeni.

Jethalal akaja mlangoni, viganja vimekutana kifuani. "Mama, umepotea. Sebule iko mbele."

"Sijapotea," alisema Lakshmi. "Mwache awashe taa."

Akaitwa Maharaji, msomaji wa vitabu vyao vitakatifu. Alifunua kurasa mpaka taa ikaongezwa mafuta.

"Sioni panapomkataza," alisema.

"Basi?" aliuliza Jethalal.

"Basi ni desturi."

Desturi! Wakaitikia wote kwa vichwa, na hapo hapo wakaanza kulipaka jiko chokaa, maana Lakshmi kakaa pale, na sasa palikuwa mahali patakatifu. Na mahali patakatifu mjane hakai. Jamna akahamishiwa banda la kuni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mwanamkasi, kajitwika mkeka wa Jamna. "Mwenyeji huyu kapona nini, jamani?"

Mwaka uliofuata Lakshmi alikwenda banda la kuni. Likapakwa chokaa, likavikwa maua, Jamna akapelekwa banda la kuku. Diwali ya baadaye, na banda la kuku nalo likawa hekalu. Kuku walihamia jikoni kwa Mwanamkasi, nyumbani kwake.

Diwali ya nne Jamna alikuwa nje ya ua, kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Lakshmi akaketi kando yake.

"Huwezi kuwaambia, Mama?" aliuliza Jamna.

"Nimewaambia. Kila nikiwaambia wananijengea."

Jamna akasema, "Basi mwakani usije. Nakuomba. Sina tena pa kuhamia."

Lakshmi aliyaweka maua chini, akamkumbatia kwa mikono yake yote minne, wakalia. Upande wa pili wa ukuta Jethalal alikuwa anakoroga chokaa.