Njia Pana ya Kwenda Barafuni

Mume wangu Lesiamon ana kazi ambayo mama yangu hajawahi kuikubali kuwa ni kazi. Kila Jumamosi anakusanya watu wazima wa Kitengela, wenye akili zao na magari yao, anawapandisha milima hadi walie, na wao wanamlipa.

"Wanalipa ndio wachoke?" Mama aliniuliza. "Si waje kwangu Mua, nitawachosha bure."

Aliniuliza mimi kwa sababu hangeweza kumwuliza mwenyewe. Mama ni Mkamba, Lesiamon ni Mmaasai, na kati ya mambo yote ambayo makabila haya mawili yangeweza kukubaliana, yalichagua hili: mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawali pamoja, hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni, na wakikabiliana njiani mmoja anaingia kichakani. Kwetu tunaita nthoni. Kwao ni enkanyit, heshima tu. Wenzangu walioolewa siku hizi wameyaacha hayo mambo, wanakaa na wakwe zao sebuleni wakitazama habari. Mimi nikajaliwa watu wawili wanaoshindana ni nani ana heshima kumzidi mwenzake.

Mama alipokuja mjini hakulala kwangu hata siku moja. Tulimkodia chumba kwenye ploti ya jirani, na akibisha hodi kwetu, Lesiamon anatoka kwa mlango wa jikoni. Kuna siku alibanwa bafuni, Mama akiwa ameketi sebuleni na chai yake. Baadaye Mama akaomba kwenda bafuni. Nilipofungua mlango kwa hofu nilikuta dirisha limefunguliwa na sabuni iko sakafuni. Faida ya kuolewa na mtu wa majabali ni hiyo.

Sasa sikiliza kilichomleta Mama. Nyumbani kwetu Mua, asubuhi yenye anga safi, Mlima Kenya unaonekana kaskazini, na Mama tangu utotoni aliuona ukiwa na weupe kileleni. Miaka ya karibuni weupe ule haukuonekana tena. Mimi nilisema ni macho. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, yanahitaji kupasuliwa mapema kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mama akasema daktari ni mtoto mdogo na macho yake hayana kasoro, kilichoisha ni barafu.

"Hata redio inasema barafu inaisha," aliniambia. "Sasa mnataka kunipasua kwa sababu mlima umekuwa mweusi?"

Nililia, nikanuna, nikaleta mchungaji, na yote hayo hayakusaidia. Mwishowe akatoa sharti. Apelekwe karibu na barafu. Kama ipo na yeye haioni, atakubali kisu. Kama haipo, nisimtajie hospitali tena hadi azikwe. Mama akisema neno la namna hiyo halirudi nyuma, na mimi nilijua kwamba macho ya mama yangu yamewekwa rehani kwa kipande cha barafu ambacho sikuwa na hakika nacho. Niliogopa kweli.

Kwa hiyo Jumapili moja baada ya kanisa tulikaa kuchagua njia. Lesiamon sebuleni na simu yake yenye ramani. Mama jikoni kwenye stuli. Pazia katikati, na mimi nimesimama kwenye pazia, nusu huku nusu kule.

"Mwambie Paker kuna njia tatu za kwenda na kurudi siku moja," alisema Lesiamon. Paker ndilo jina analomwita Mama tangu apeleke kondoo wa mahari, kwa desturi ya Kimaasai ya watu waliopeana kondoo.

"Mama, kuna njia tatu..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, ni macho mnasema imeharibika."

Lesiamon akaanza na Chogoria, njia anayoipenda kuliko zote. Alieleza maporomoko, na bonde lenye ziwa chini kabisa, na kwamba wateja wake wakifika pale hunyamaza, hata wale wanaoongea tangu Athi River. Sauti yake ikalainika. Nilikuwa tayari kuvaa viatu.

"Mwulize iko upana gani," Mama akasema.

Lesiamon akakohoa. "Kuna mahali inatosha mtu mmoja. Upande huu ni mwamba."

"Na upande ule?"

"Upande ule hakuna kitu. Ni hewa."

"Na tukikutana hapo?"

"Mwambie Paker mimi ndio nitahepa."

"Atahepa wapi? Kwa hewa?" Mama aligonga sufuria kwa mwiko. "Mwambie siendi kuambia mamake kijana wake alikufa akinipisha."

Chogoria ikaondolewa, pamoja na uzuri wake wote. Ya pili ilikuwa Sirimon. Lesiamon alisema ile ni barabara hasa, malori mawili yanapishana, na punda milia wanalisha kando. Mama alifurahi. Aliuliza kama kuna vichaka, akaambiwa vipo tele. Mimi nikaona mambo yanaenda mrama.

"Na barafu inaonekana?" niliuliza.

"Hiyo ya siku moja, unaona kilele kwa mbali," alisema Lesiamon taratibu. "Kuona barafu, mtu awe na macho mazuri."

Jikoni stuli ikasogezwa.

"Toa hiyo," Mama akasema.

Ikabaki Naro Moru. Gari hufika hadi kituo cha hali ya hewa, kisha unapanda msitu, kisha kinamasi kilichosimama wima.

"Kinamasi inasimamaje?" aliuliza Mama.

"Hata mimi Paker sijui, lakini imesimama!"

Wote wawili walishtuka. Alikuwa amemjibu moja kwa moja. Lesiamon aliinuka akaenda kutazama nje kwa dirisha, na Mama akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nilisubiri aibu ipoe ndipo nikaendelea kwa niaba yao. Juu ya kinamasi, Lesiamon aliniambia huku akitazama barabara, kuna ukingo, na ukifika hapo barafu iko mbele yako ng'ambo ya bonde.

"Na pa kuhepea?"

"Mwambie kinamasi ni pana. Mtu anahepa popote. Atalowa tu."

"Kulowa si kufa," alisema Mama. "Tunaenda hiyo."

Tulibishana zaidi juu ya nani atatangulia. Mama hangeweza kutangulia, maana mkwe angetazama miguu yake ikipanda siku nzima, na hilo lilimfanya Lesiamon afunike uso kwa mikono miwili. Kwa hiyo yeye angekuwa mbele, kona moja mbele daima, Mama nyuma, na mimi katikati kupeleka ujumbe. Nilikubali bila kufikiri, ndivyo nilivyo.

Tulimwacha binti yetu Yvonne kwa jirani tukaondoka na gari letu, Mama kiti cha nyuma kabisa, na kioo cha dereva kimefunikwa kwa kitambaa. Pale Thika polisi alitusimamisha akauliza kwa nini kioo kimefunikwa. Nilimwonyesha Mama kwa kidevu, nikasema, "Ni mama mkwe wake." Yule afisa alirudi nyuma hatua mbili. "Pole sana, endeni," alisema, na sikuwa na haja ya kuuliza kwao ni wapi.

Naro Moru tulilala nyumba mbili za wageni zinazotazamana ng'ambo ya barabara. Kulipopambazuka tulikodi Land Rover ya mwenyeji mmoja. Mama na mimi tulikaa ndani. Lesiamon, kiongozi mwenye kibali na cheti, alisafiri akining'inia kwenye ngazi ya nyuma.

Mama alikuwa amekataa viatu vya mlimani nilivyomnunulia. Alivaa gambuti zake za shambani, sweta mbili, na leso kichwani. Tulipoanza kupanda nilimhurumia kwa muda mfupi sana.

"Mwambie apunguze mwendo kidogo, hewa ni nyembamba," Lesiamon aliniambia.

Nikashuka. "Mama, anasema upunguze."

"Mwambie yeye ndiye aongeze, nimechoka kungoja kona."

Nikapanda. "Anasema asante."

"Mwambie anywe maji."

Nikashuka. "Mwambie mimi si ng'ombe wake wa kunyweshwa." Nikapanda. "Amekunywa."

Ikawa hivyo msitu mzima. Wao walikuwa wanapanda Mlima Kenya mara moja. Mimi nilikuwa nimeupanda mara tatu na bado hatujatoka kwenye miti. Kila mmoja alikuwa ananitumia kwa upole na adabu kubwa, na kila mmoja alikuwa ananiua. Tulipofika kinamasini, Lesiamon akaagiza nikamwambie Mama akanyage kwenye vishungi vya majani, asikanyage katikati. Niligeuka kushuka, nikakanyaga katikati. Matope yalinifika magotini.

Mama alinifikia akipumua vizuri, gambuti zake zikiwa safi kuliko uso wangu. Alinivuta mkono, nikatoka bila kiatu kimoja, akakichomoa nacho.

"Kaa hapo upumzike, mwana wakwa," alisema.

"Huwezi kwenda peke yako. Hakuna mtu wa kuongea kwa niaba yenu!"

"Niko na miguu. Naona kitu nyekundu ikienda, si ni koti yake? Nitafuata hiyo."

"Na mkikutana?"

"Nitalowa," alisema, akaondoka.

Nilikaa juu ya kishungi cha majani kwa hasira. Ukungu ulishuka ukameza koti jekundu, kisha ukameza leso. Ndipo nilipoingiwa na wasiwasi mbaya. Sikuwaza kwamba wangeanguka. Niliwaza kwamba wangefika. Lesiamon tangu tuoane hajawahi kumpinga mama yangu kwa jambo lolote. Mama akisema mbuzi mweusi ni mweupe, yeye hutuma salamu kwamba mbuzi ni mweupe sana. Sasa Mama atafika pale juu, hataona kitu, atasema barafu imeisha, na mume wangu, kwa heshima zake zote, atakubali. Mama atarudi Mua apofuke kwa adabu.

Nilipanda kinamasi kile kwa mikono na magoti. Sitaki kueleza zaidi. Nilipofika karibu na ukingo ukungu ulikuwa umepasuka, na nilianguka nyuma ya jiwe kubwa nikiwa sina sauti ya kumwita mtu.

Walikuwa wamesimama pale, wametengana kama urefu wa chumba. Hakuna aliyekuwa amejificha. Wote wawili walikuwa wametazama mlima, na watu wanaotazama upande mmoja hawatazamani. Nilijiuliza kwa nini mimi, na elimu yangu, sikuwahi kuliona hilo.

Mama alikuwa ameinua kidevu, amekunja macho. Alitazama kwa muda mrefu.

"Baba Yvonne," alisema.

Bega la Lesiamon lilishtuka. Aligeuka kidogo kunitafuta, akaona bonde tupu.

"Baba Yvonne, barafu imekwisha. Si ndiyo?"

Nilijaribu kupiga kelele, ikatoka pumzi tu. Lesiamon alitazama mlima, akatazama viatu vyake. Namjua mume wangu. Nilimwona akitafuta pa kuhepea, na pale mahali pa kuhepea palikuwa pengi.

"Hapana, Paker," alisema. "Iko."

Upepo ulipuliza leso ya Mama, akaishika.

"Wapi?"

"Chini ya ile kilele ya kulia. Iko hapo mbele yetu."

"Ni kubwa?"

"Si kubwa. Hata mimi nilipoanza kuleta watu hapa ilikuwa imejaa hiyo pengo yote. Saa hii ni kama shuka moja mtu amesahau kwa kamba."

"Na mimi siioni," Mama akasema. Hakuwa anauliza. Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chenye machozi. "Basi si mimi peke yangu naisha."

"Wewe unaweza tengenezwa, Paker," alisema Lesiamon. "Hiyo haiwezi."

Nililia nyuma ya jiwe. Nilikuwa nimesema mambo mia, nimeleta na mchungaji, na hakuna hata moja lililokuwa fupi na la kweli kama hilo.

"Basi niambie vile iko," Mama akasema, "kabla ukungu irudi."

Naye akamweleza. Alimweleza rangi, kwamba si nyeupe kabisa, pembeni ina buluu na chini ina vumbi. Alimweleza maji yanayotoka chini yake na njia yanayopitia. Mama alikuwa akiuliza, na yeye akijibu, na kila mmoja alikuwa na mengi, kumbe. Sikujua mume wangu anaweza kuongea hivyo na mama yangu. Niliona wivu, nauweka wazi.

Ukungu uliporudi Mama alijifunga leso vizuri. Hakugeuka.

"Baba Yvonne, mwambie Mutheu atoke nyuma ya hiyo jiwe, namsikia akihema. Na umwambie Jumatatu nataka kupelekwa kwa yule daktari mtoto."

Lesiamon aligeuka, akanikuta nimelala kifudifudi, matope hadi masikioni.

"Mutheu," alisema kwa heshima kubwa, "Mama anasema..."

"Nimesikia," nikamwambia. "Mwambie sawa."