Herufi Kubwa za Joram

Mama Selpha, jirani yangu wa Nyalenda, aliwaambia watu kwenye foleni ya maji kwamba nimekalia barua za mtoto wake Joram. Alidai rafiki wa Joram amerudi kutoka India akasema Joram ameandika barua mbili za kompyuta, hazijajibiwa, na wa kuulizwa ni mimi, Milka, ninayefagia ile ofisi ya barua za kompyuta.

Mwaka huo wa 1999 nilikuwa nafagia, kisha natoa barua za wateja kwenye printa Bwana Wanyonyi, mwenye ofisi, akishazipokea kwa laini ya simu. Lakini nilikuwa naangalia. Asubuhi hiyo skrini ilisema zimeingia kumi na tisa. Zilizotoka kwa karatasi ni kumi na saba.

"Bwana Wanyonyi, hizo mbili zimeenda wapi?"

"Takataka hizo. Matangazo ya dawa za kunenepesha. Nimeweka chujio: kichwa cha barua kikiwa herufi kubwa tupu, inaenda kapuni."

"Kapu la nani?"

"La wote. Wateja hawana akaunti humu ndani, ni majina tu kwenye orodha. Chujio moja, kapu moja."

"Lakini watu wa huku wamezoea telegramu, na telegramu ni herufi kubwa. Baba yake Joram alikuwa karani wa posta. Unadhani alimfundisha kijana wake kuandika namna gani?"

Akafungua kapu. Katikati ya matangazo, barua mbili za Joram, ya pili hii hapa: MAMA. NIMEPASULIWA MGUU. NAFIKA KISUMU IJUMAA. SIWEZI KUBEBA MZIGO. MTU ANIPOKEE STESHENI.

Na siku ilikuwa Alhamisi.

Nilikimbia mpaka Nyalenda, barua na viatu mkononi. Mama Selpha alisoma, akakalia mtungi wake.

"Nyathina, mwanangu, nimekusema vibaya mbele ya watu."

"Utanisema vizuri kesho, foleni iko pale pale. Sasa tafuta mkokoteni."

Niliporudi ofisini, Wanyonyi alikuwa anamwandikia Mama Selpha kwenye kompyuta kapu lake na chujio lake, la kupitisha herufi kubwa. Nikasimama nyuma yake, nikafuata kila mstari mpaka akamaliza. Kwenye kapu la wote zilibaki barua thelathini na mbili za watu wetu. Ya juu ilikuwa imetumwa kwa Mzee Shitanda wa Mamboleo: NJOO HARAKA.

"Nimeona ulivyofanya," nilisema. "Sogea kidogo, Bwana Wanyonyi. Chujio la Mzee Shitanda, niandike mimi."

Akageuka kunitazama, mikono bado juu ya kibodi.