Abiria Pekee wa Kwenda na Kurudi

Gari jeupe lilipoingia kijijini Kashojwa na watu wake wakabandika picha ya ndege kwenye ukuta wa kanisa, hakuna aliyehangaika kusoma maandishi. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, gari jeupe likija na picha ya ndege, watu wanajua ni habari ya kuondoka, kwenda kuishi ng'ambo.

Modeste peke yake ndiye aliyesoma, kwa kuwa alikuwa shemasi na ukuta ulikuwa wa kanisa lake. Maandishi yalisema kwamba kampuni ya Velkar, inayounda ndege za jeti za abiria sabini na sita, itawauliza wakazi maswali kuhusu safari zao. Alipofika kwenye neno "maswali", aliacha kusoma, akaenda kumwita mke wake, Marthe.

Dosie ya Modeste na Marthe, faili la maombi yao ya kuhamia ng'ambo, ilikuwa imelala ofisini miaka kumi na moja. Binti yao Nathalie, aliyeolewa na kufunguliwa dosie yake mwenyewe, alikuwa Kanada mwaka wa sita sasa, na watoto wawili ambao Marthe aliwajua kwenye simu tu. Marthe hakumwomba Mungu kitu kingine ila kuwafikia. Alimwomba hicho asubuhi, akamkumbusha tena adhuhuri.

Jirani yao Venuste, Mrundi muuza dagaa, alikuwa amekwisha kuhojiwa mara nne na hajapelekwa popote. Kwa sababu hiyo aliheshimiwa kijijini kama mtaalamu wa mahojiano. Jumamosi, baada ya maombi, aliwakusanya watu kanisani akawapa mafundisho. Mume na mke waseme neno moja. Jibu la jana liwe la leo. Na mtu akiulizwa kama atarudi, asikubali hata kwa mzaha, maana atajiharibia yeye na nyumba yake yote. Mtu mmoja aliuliza wafanyeje wakiulizwa kitu wasichokijua, kama vile mahali pa kuketi. Venuste alifikiri kidogo, akaamua: dirishani, safu ya tatu. Wote wakakariri.

Mahojiano yalifanyika kanisani humo humo. Marthe alihojiwa kwanza, akatoka akimwashiria mumewe kwa kichwa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Modeste akaketi mbele ya Ninsiima, msichana wa mji wa Mbarara aliyeajiriwa na kampuni kuuliza na kubonyeza majibu kwenye tableti.

Aliulizwa safari yake ndefu ya mwisho aliifanya kwa njia gani. Alijibu: kwa miguu, wiki tisa, kutoka kwao Fizi. Tableti ilikuwa na nafasi ya basi, ya gari binafsi na ya ndege. Ninsiima akabonyeza "nyinginezo". Aliulizwa kwa nini alichagua njia hiyo, akasema ni kwa ajili ya risasi. Aliulizwa kama aliridhika na huduma njiani. Modeste hakutaka kuwasingizia watu, akakumbuka mama mmoja aliyewapa viazi, akasema aliridhika kiasi.

"Mzee, ukipanda ndege yetu hapa Mbarara," Ninsiima akasoma, "utachukua tiketi ya kwenda tu, ama ya kwenda na kurudi?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini alikuwa ameketi chini ya msalaba alioupaka rangi kwa mkono wake, na Jumapili iliyopita alikuwa amehubiri nusu saa nzima juu ya uongo mdogo. Akajiona Kanada, ndani ya nyumba ya watu, akingoja chakula. Akaliona shamba lake la maharagwe, na kanisa aliloliezeka mwenyewe.

"Ya kwenda na kurudi," akasema. "Nitaona bajukuu, kisha nitarudi."

Ninsiima aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Mzee, wewe ndiyo wa kwanza kusema hivyo."

Kabla Modeste hajafika nyumbani, Marthe alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakupiga kelele. Alimwekea sahani, akasimama mlangoni.

"Papa Nathalie, weye ulikuwa unaangalia Mungu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia mutoto yangu."

Baada ya hapo hakumsemesha wiki tatu, ila kwenye maombi ya familia, ambako alimwambia Mungu mambo mengi kumhusu Modeste, naye akiwa amepiga magoti papo hapo.

Wiki ya nne simu ikaja: Modeste anahitajika Mbarara, katika hoteli moja ya mtaa wa Ruti. Venuste alisema bila shaka ni kwa ajili ya kauli zilizogongana, ya mume na ya mke, akamshauri asingizie malaria. Modeste alikwenda amefunga kula tangu jana yake.

Alikuta ukumbi wenye viti vya vitambaa na mgeni mrefu, mkurugenzi wa masoko wa Velkar, akiwaonyesha wakubwa wa mji michoro ukutani. Ninsiima alitafsiri. Watu mia nne na kumi na wawili wa Nakivale walikuwa tayari kupanda ndege hata kesho. Wote walitaka dirishani, safu ya tatu, na wahandisi walikuwa wamekwisha kuulizwa kama safu ya tatu inaweza kurefushwa. Taabu ilikuwa moja: hakuna aliyetaka kurudi. Ndege ikienda imejaa na kurudi tupu, nani atainunua? Makao makuu, kijana mmoja alikuwa amependekeza waunde ndege ya bei nafuu isiyohitaji kurudi. Mkubwa mmoja wa mji alikumbusha kwamba uwanja wa ndege wenyewe ni wa murramu, udongo usiofaa jeti. Mkurugenzi alimjibu kwa upole kwamba viwanja si kazi ya Velkar.

"Lakini tumaini lipo," alisema, akamnyoshea mkono Modeste. Ukumbi ukapiga makofi. Wakampa ndege ndogo ya plastiki aishike, wakampiga picha. Walipouliza kinachomrudisha ni nini, akasema maharagwe. Ninsiima akatafsiri kuwa ni biashara, nao wakapiga makofi tena.

Kisha wakamuuliza kama ana swali.

"Dosie yangu na ya Mama Marthe," Modeste akasema, akiwa bado ameishika ile ndege, "mumeiandika kosa gani?"

Ninsiima ilimbidi aeleze mara mbili. Mkurugenzi akakunja uso.

"Sisi tunaunda ndege tu," akasema. "Hatumpeleki mtu popote."

Modeste akaketi na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mkurugenzi alidhani ndege ndiyo iliyomgusa, akainama kumshukuru naye.

Alimkuta Marthe shambani akipalilia. Akamweleza yote: hayakuwa mahojiano, wale ni mafundi wa ndege wanaotafuta wateja, dosie yao haijaguswa, iko pale pale ilipolala. Marthe aliacha jembe.

"Basi habakukuwa banauliza kitu," akasema. "Lakini weye ulijibu."

Modeste akaliokota jembe, akaanza kupalilia.

"Siku batatuita ya kweli, utasema nini?"

"Nitaomba Mungu basiniulize ya kurudi, Mama Nathalie."

"Basi tuombe sasa," alisema Marthe.

Wakapiga magoti kati ya mistari ya maharagwe, kila mmoja akaomba kwa sauti ya chini kabisa, ili mwenzake asisikie anachoomba.