Leseni ya Zoubir Haddouche

Zoubir Haddouche alistaafu soka akiwa na miaka thelathini na minne, goti lake la kulia likiwa halikunjiki tena. Kwa miaka kumi na tatu alikuwa beki wa kati wa timu yetu hapa Annaba, na mashabiki walimpenda kwa sababu washambuliaji walimwogopa. Alipoacha, simu ikanyamaza. Mwaka mzima alishinda mkahawani akilalamika kwamba mpira umejaa wanafiki, mpaka mkewe, Nassira, akamwambia, "Nenda ukasomee ukocha, au nyamaza."

Akaenda. Nilikuwa naye darasani, mimi niliyekuwa kipa wa akiba enzi zake. Siku ya kwanza mkufunzi aliingia akichechemea, nikaona shingo ya Zoubir ikikakamaa. Alikuwa Lotfi Benamira. Miaka tisa nyuma, katika nusu fainali, Zoubir alimvunja mguu, na Lotfi hakucheza tena. Zoubir hakwenda hata kumjulia hali hospitalini.

Lotfi akaita majina. "Haddouche. Umepotea njia? Buchani ni mtaa wa pili."

Watu wakaangua kicheko.

Ikawa hivyo wiki tatu. Zoubir akijibu swali vizuri, Lotfi husema, "Kumbe una kichwa! Tulidhani ni njumu tu." Zoubir naye si mtu wa kumeza maneno. Siku moja akamrudishia mbele yetu, akimwita kama tunavyowaita makocha huku kwetu: "Sheikh, siku ile ungeruka, leo ungekuwa unatembea vizuri."

Nilitamani kumziba mdomo.

Kesho yake uwanjani, Lotfi akaweka mpira chini, akasimama mbele yake. "Leo tunajifunza kukaba. Njoo unikabe kama ulivyonikaba siku ile."

"Acha utani."

"Nani anatania? Njoo, mwanaume!"

Zoubir akapiga hatua mbili, akasita. Jasho lilimtoka ingawa upepo wa baharini ulikuwa wa baridi. "Kocha wetu ndiye aliyeniambia nihakikishe humalizi kipindi cha kwanza."

"Najua. Lakini kocha alikuwa amekaa benchi. Mguu ulioingia ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Hawajasikia."

"Wangu, bwana! Unataka nini, nikupigie magoti? Goti lenyewe halikunjiki!"

"Sitaki chochote chako," Lotfi alisema. "Nilitaka tu wasikie."

Siku ya mtihani wa leseni Zoubir alifundisha mabeki kunyang'anya mpira wakiwa wamesimama, bila kujirusha chini. Alifundisha kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa na kumi na nne kati ya ishirini, wa tatu darasani. Akamfuata Lotfi kwenye gari, mkono ameunyoosha.

"Sheikh, ahsante..."

"Usinishukuru. Nimeandika nilichokiona. Ungeboronga, ningekufelisha kwa furaha. Na uondoe huo mkono."

Mlango ukafungwa, gari likaondoka.

Sasa Zoubir anafundisha timu ya daraja la pili kule Guelma, na mara mbili kila msimu hukutana na timu ambayo Lotfi naye anaifundisha siku hizi. Husimama kando ya uwanja hatua kumi tu kutoka kwa mwenzake, na hakuna anayemsalimu mwingine. Nassira ananiambia wiki ya mechi hiyo mumewe hali chakula vizuri na hasemezeki. Mwezi uliopita nilimuuliza Zoubir kwa nini asimalize jambo hili.

"Aanze yeye," akanijibu.

Mwaka wa nne huu.