Mafuta ya Kiganja cha Agyekum

"Fundi, huo mkono wako unavuja tangu lini?" Mama Pokuaa, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, katika mtaa wa karakana wa Suame, alimuuliza Agyekum, fundi wa mashine, asubuhi ya Jumanne, baada ya kupokea noti iliyolowa.

"Tangu Jumamosi."

"Basi nipe kwa kushoto, leo nakusamehe. Usinichafulie kenkey."

Yalikuwa mafuta ya haidroli, yale yanayosukuma mikono ya mashine. Yalitoka katikati ya kiganja cha kulia, ya uvuguvugu, tone baada ya tone, na kidonda hakikuwapo. Nsiah, jirani anayeuza mipira ya kupitishia mafuta hayo, aliyasugua kwa vidole viwili, akayanusa.

"Namba arobaini na sita, yale yale ya dukani," alisema. "Hayana maji hata chembe. Mwenzangu, unataka Mungu akupe nini tena?"

Kufikia Alhamisi mafundi wa mtaa wa nyuma walikuwa wanakuja na makopo, na mashine zao zikafanya kazi vizuri. Mke wa Agyekum alitandika nailoni kitandani. Kanisani mchungaji akawa anamtilia mkate mdomoni, kwa sababu mkono wa kushoto haupokei kitu kitakatifu, na wa kulia ungeulowesha.

Hakuna aliyemuuliza Jumamosi ile kulikuwa na nini. Mwenyewe alijua. Ndiyo siku aliyozikwa Boadi.

Boadi alikuwa kibarua wa kuandika namba kwa rangi kwenye magogo katika kiwanda cha mbao. Kiwanda hicho kilimletea Agyekum eskaveta na makucha ya kubebea magogo, makucha yaliyotolewa kwenye mashine nyingine. Nati ya makucha ilikuwa na meno ya milimita, na kichwa cha mpira wa mafuta kilikuwa na meno ya inchi. Kazi ya haki ilikuwa kupeleka kwa mchongaji vyuma achonge kiungo cha kati, nusu siku nzima. Dereva alikuwa na haraka, hata injini hakuizima. Agyekum akajaribu kuviunga hivyo hivyo.

Meno ya aina hizo mbili yanakaribiana mno. Nati inaingia, inauma, na mzunguko wa tatu inakaza yenyewe, utadhani kazi imekwisha. Mwanafunzi wa mwaka mmoja hudanganyika hapo. Agyekum alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ile, na kifundo cha mkono wake kilimwambia: nati ya kweli hukaza polepole, hii imekwama ghafla. Alizungushia tepu nyeupe, akaigonga spana nyundo mbili, akamwambia dereva, "Nenda salama."

Siku ya nne mpira ulichomoka. Makucha yakaachia gogo la odum, yaani mvule, na Boadi alikuwa chini yake na kopo lake la rangi.

Kiwanda kiliandika kwamba marehemu alikuwa amelewa. Boadi hakuwahi kuonja hata tembo la mnazi wa jirani, lakini barua ilikuwa na muhuri. Kwa kanuni ya kanisa lao, jeneza la mlevi haliingii ndani. Boadi alizikwa kutoka barazani, bila kengele, na jina lake halikusomwa pamoja na wafu wengine.

Wiki ya pili mjane wake, Dufie, alifika karakana na kaniki yake ya msiba. Alisubiri Agyekum amalize kujaza kopo la Nsiah.

"Nimetoka kwa mchungaji wetu," alisema. "Anasema akipata neno la fundi, kwamba ni mpira uliochomoka, Jumapili atalisoma jina la Boadi mbele ya watu wote. Neno moja, kaka. Sitaki kingine."

Mashine nane kati ya kumi zilizokuwa uani zilikuwa za kiwanda kile.

"Dada, nitakuletea mchele," Agyekum alisema. "Na paa lako, nitatuma watu walitazame."

"Paa langu halivuji."

"Shemeji, mafuta si ushahidi," Nsiah alidakia, alipomwona akiutazama ule mkono. "Mbona hata sisi tunayatumia?"

Dufie hakumgeukia. Aliushika mkono wa kulia wa Agyekum, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama mtu anayesoma. Mafuta yakampitia vidoleni.

"Nguo za Boadi walizonirudishia zinanuka hivi," alisema. "Nimezifua mara nne. Kaka, mbele za Mungu, ulipofunga kile kiungo, kilikuwa kizima?"

Agyekum alitamani mkono uwe umekatwa, uondoke naye ukaseme huko. Akalitafuta neno, akaliona, lilikuwa karibu kabisa.

"Kilikuwa kizima, dada."

Mafuta hayakukoma wala hayakuzidi. Yaliendelea kudondoka kama yalivyokuwa yakidondoka, na Nsiah akalisogeza kopo lake yasipotee. Dufie aliuachia ule mkono. Alijifuta kwa upindo wa kaniki, kidole kimoja kimoja, hadi cha mwisho. Kisha akainama chini ya mipira iliyotundikwa mlangoni, akatoka.