Ndoo Chini ya Meza

Kila asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, mzee wa zamu katika ofisi ya maji alivuta kiti, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili: fungua juu kati soko bonde. Hiyo ndiyo mitaa iliyopata maji kutoka kwenye tangi la ofisi: Mtaa wa Juu, wa Kati, wa Soko na wa Bonde. Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikajibu "Sawa". Nje, nyuma ya ukuta, vali ikanguruma, na chini ya meza zikatokea ndoo.

Zilitokea bila kishindo, ila ule mlio mdogo wa ndoo inapokaa sakafuni. Siku nyingine zilikuwa chache. Siku nyingine zilijaa mpaka mzee akakosa pa kuweka miguu. Mama wa usafi alikuja na toroli, akazipakia na kuzipeleka stoo, kisha akapiga deki mahali zilipokuwa, kwa sababu zilikuja na vumbi.

Mzee huyo aliitwa Babu Koki na watu wote, hata mke wake. Aliyekaa meza ya pili alikuwa msichana mgeni kazini, ametoka chuo juzijuzi na cheti chake bado kinanukia wino. Alikuwa mfupi na mwenye kupenda mambo yakae sawasawa, kwa hiyo kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha walikuwa wameshampa jina la Nukta. Kazi yake ilikuwa kutunza programu za ofisi. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, na aliamini kwamba programu ikiandikwa vizuri, mtu ambaye hajawahi kuiona anaweza kuoga vizuri kwa sababu yake.

Siku za mwanzo hakuuliza habari za ndoo. Alidhani kila ofisi ina mambo yake.

Nukta aliishi Mtaa wa Bonde kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Bonde mabomba yalikuwepo ila maji hayakuwahi kutoka. Shangazi aliteka maji kisimani, mbali, akapanda nayo mlima, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Akifika nyumbani alilala chali sakafuni kwanza, kisha ndiyo akasalimia.

Na sasa, juu ya tabu hiyo, mwizi wa ndoo wa Bonde alikuwa amezidi.

"Nimeiweka mlangoni, nimegeuka kufunga kanga, nageuka tena, haipo," Shangazi alisema jioni moja. "Ndoo yangu ya bluu, ile niliyoiziba ufa kwa plastiki ya kandambili. Nani anaitaka ndoo ya hivyo kama si mtu anayenichukia?"

"Labda umeisahau kisimani, Shangazi."

"Mimi nisahau ndoo? Nitakusahau wewe kwanza." Akashusha sauti, akaelekeza kidevu ukutani. "Ni huyu Mama Pacha. Leo asubuhi alinisalimia vizuri mno."

Mama Pacha alikuwa jirani wa chumba cha pili, na kwa miaka mingi walikuwa wakisukana nywele. Lakini siku hizo kila mtu Bonde alikuwa akimtazama mwenzake mikono. Watu walifunga ndoo zao kwa mnyororo na kufuli, na asubuhi mnyororo ulikutwa umelala chini, kufuli limefungwa, ndoo haipo. Walioibiwa waliwashuku ambao hawajaibiwa. Ambao hawajaibiwa walianza kuficha ndoo zao wenyewe ili waonekane wameibiwa.

Kesho yake Nukta alikwenda stoo kutafuta waya wa umeme. Ndoo zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Ya bluu, yenye kiraka cha kandambili, ilikuwa karibu na mlango, na mama wa usafi alikuwa ametia ndani yake matambara ya deki.

Nukta alirudi mezani, akaanza kumtazama Babu Koki. Alitazama mkoba wake, mkubwa kuliko chakula cha mtu mmoja. Alitazama viatu vyake vyenye vumbi jekundu kama la Bonde. Alikumbuka kwamba mzee huyo hufika kazini kabla ya wote na hana anayemwona akiingia. Akaumia, maana alikuwa anampenda.

"Mjukuu wangu," Babu Koki alisema bila kugeuka, "unanitazama kisogo mpaka kinawasha. Sema."

"Ndoo hizi unazitoa wapi, Babu?"

"Mimi?" Babu Koki akavua miwani. "Mimi naandika tu. Naandika, inasema sawa, zinakuja. Wewe ndiye uliyesomea."

"Na hujawahi kuuliza?"

"Nimuulize nani? Tangu nimeikuta programu hii haijanigombeza hata siku moja. Mimi nyumbani nagombezwa, kwenye basi nagombezwa. Hapa naandika, naambiwa sawa. Niharibu?"

Neno hilo lilimwingia Nukta vibaya. Chuoni walifundishwa kwamba programu isiyolalamika kamwe si ya kuaminiwa. Kesho yake asubuhi aliomba kuandika yeye. Programu iliitwa mara moja tu kwa siku. Ikishaitwa haikubali tena mpaka siku ya pili, kwa hiyo alifikiri kwanza. Akaandika: fungua juu kuku mto.

"Sawa," kompyuta ikajibu.

Vali moja ikanguruma. Chini ya meza wakatokea kuku mwekundu mwenye uzi mguuni na mto wa kulalia, foronya imechakaa upande mmoja. Ndoo hazikuja. Za Kati, Soko na Bonde zilibaki kwao siku hiyo, tupu vilevile.

"Huyu kuku ni wa kufuga au wa mchuzi?" Babu Koki akauliza.

Mama wa usafi alimchukua kuku, akampakia kwenye toroli.

Nukta alifungua faili la programu akalisoma. Lilikuwa fupi. Programu ya namna hiyo ikiitwa, hupokea maneno yote yaliyoandikwa baada ya jina lake, yamepangwa kwa foleni kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Ni juu ya mwandishi kuwaita mmoja mmoja. Mwandishi wa programu hii alimwita wa kwanza, akafungua vali ya mtaa wake, akaandika "Sawa", akafunga mlango. Waliobaki kwenye benchi hakuwauliza hata majina.

Chini yake kulikuwa na mistari mingine, iliyoandikwa vizuri, ambayo ingewaita wote mpaka wa mwisho, na ingemkatalia neno lisilojulikana mtu anayeandika kuku. Lakini kila mstari ulikuwa umewekewa alama ya reli mwanzoni, ile alama inayoiambia kompyuta ipite bila kusoma. Kwa hiyo haukuwa usahaulifu. Kuna mtu alikuwa amekaa na kuziweka alama hizo moja moja, mstari kwa mstari. Faili hilo kila mtu aliruhusiwa kulisoma, lakini kuliandika aliruhusiwa mtu mmoja, mkuu wa ofisi.

Babu Koki alisoma naye juu ya bega lake, midomo ikitembea.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "mimi nimekuwa nikifungua Mtaa wa Juu tu."

Kisha akaenda kuweka maji ya chai.

Nukta alikuwa na moyo ambao bado haujajifunza kuona watu kwa ubaya wao. Alijiambia labda Mkuu aliweka alama zile siku ya matengenezo akasahau kuzitoa. Aligonga mlango wake akiwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na dirisha linalotazama tangi. Tangi lilikuwa limejaa, na maji yaliyozidi yalikuwa yakimwagika pembeni na kuingia mtaroni, kama siku zote.

"Nani mwingine anajua?" Mkuu akauliza.

"Babu Koki tu. Ni kazi ndogo sana, Mkuu. Ukizitoa zile alama, mitaa yote itapata. Hata ndoo hazitakuja tena, nadhani. Ndoo zinatoka kwa yule aliyetajwa asiitikiwe."

"Ndoo siyo tatizo. Stoo ni kubwa." Mkuu akamtazama kwa makini, kama anayetafuta aliyemtuma. "Unakaa mtaa gani, binti?"

"Bonde."

"Ahaa."

Akaandika kitu kidogo pembeni ya gazeti, akakizungushia duara.

"Nikueleze kwa sababu wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Nikifungua kote, presha itapungua kote kidogo. Mtaa wa Juu watalalamika, na wale wana namba yangu ya simu. Sasa hivi wanaolalamika ni walewale wa siku zote. Tumeshawazoea."

"Lakini maji yanamwagika, Mkuu."

"Yanamwagika taratibu," Mkuu akasema, akafungua gazeti.

Nukta hakulala vizuri. Alfajiri alimkuta Shangazi amekaa kizingitini na ndoo ya kuazima, amejifunga mkanda wa marehemu kaka yake kiunoni ili mgongo usifunguke. Alikuwa akiutazama mlango wa Mama Pacha.

"Leo usiende kisimani, Shangazi," Nukta akasema. "Kaa karibu na bomba."

"Bomba gani? Lile la kuanikia nguo?"

"Lile."

Ofisini alimwomba Babu Koki kiti. Mzee alimpisha, akasema anakwenda kuangalia chai, ingawa sufuria ilikuwa mbele yake. Nukta hakuweza kuligusa faili, lakini maneno yalikuwa yake kuyapanga. Alikuwa ameshaamua moyoni: leo Bonde, kesho Soko, keshokutwa Kati, halafu Juu, halafu tena. Akaandika: fungua bonde juu kati soko.

"Sawa."

Vali iliyonguruma ilikuwa nyingine, yenye sauti ya kitu kilichokuwa kimelala muda mrefu. Ndoo za Kati na Soko zilikuja kama kawaida, na Nukta akaziomba radhi kimoyomoyo. Kutoka Juu ilikuja ndoo moja tu, ya chuma, mpya, yenye mfuniko na karatasi ya dukani bado imebandikwa. Ndani ilikuwa na sponji la kuoshea gari.

Simu yake ikalia.

"Mwanangu, bomba linakohoa!" Ilikuwa sauti ya Shangazi. "Linakohoa… limetema kutu… Njoo, jamani, njooni! Mama Pacha, lete sufuria! Lete chochote!"

Nukta alishika simu kwa mikono miwili akasikiliza maji.

Mkuu alikuja mchana, shati likiwa na sabuni iliyokauka shingoni. Aliinama chini ya meza, akaitoa ndoo ya chuma, akahakikisha kwamba sponji limo, akaondoka nayo. Hakugomba. Mlangoni alisema tu, "Sikujua huwa zinakwenda mbali hivyo."

Kufika siku iliyofuata, programu ilikuwa imebadilishwa. Neno la kwanza halikuhitaji kuandikwa tena. Neno juu lilikuwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe, na Babu Koki alibakiwa na kazi ya kuandika mengine. Aliyaandika. Aliambiwa sawa. Aliweka miguu yake pembeni, ndoo zikakaa.

Lakini Mkuu alikuwa ameguswa na jambo la ndoo, na ofisi nzima ilikubali kwamba si haki mtu kupoteza ndoo yake asijue ilipo. Kwa hiyo lilikatwa dirisha kwenye ukuta wa stoo, likapakwa rangi ya kijani, na Nukta akahamishiwa hapo, kwa sababu, Mkuu alisema, ana moyo wa kuhudumia watu. Watu wa Kati, Soko na Bonde wakaanza kuja kila siku kuchukua ndoo zao. Waliwekewa mabenchi na kivuli. Walishukuru. Wengi walisema ofisi hiyo sasa imebadilika sana.

Shangazi alikuja siku ya kwanza. Mbele yake kwenye foleni alikuwa Mama Pacha, na hawakusemeshana. Shangazi alishaelewa ndoo zilikokuwa, ila alisema hilo haliondoi kwamba mtu aliyesalimia vizuri vile lazima alikuwa na lake.

"Ya bluu," akamwambia Nukta dirishani, kama anavyomwambia muuza duka.

Nukta alikuwa ameitoa matambara na kuisugua. Akampitishia. Shangazi aliigeuza, akakipapasa kiraka, akatazama ndani, akatia mkono mpaka chini.

"Kesho msiipange chini ya nyingine, mwanangu," akasema. "Inakwaruzika."

Akajikaza mkanda kiunoni, akainua ndoo, akashika njia ya kisimani.