Msaidizi wa Bi Mkasi

Fundi cherehani waliyemwita Bi Mkasi hakulala vizuri, na sababu aliisikia kwa masikio yake. Jana alikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni, anapinda suruali ya mteja. Upande wa pili mwanawe, muuza nyama, anawachekesha wageni.

"Kura ya mama? Si haoni. Uchaguzi uliopita aliniambia nimpe yule mkunga, mimi nikampa mkandarasi, rafiki yangu. Kwani karatasi inasema?"

Wageni wakavunjika mbavu. Bi Mkasi nusura ameze pini.

Kweli macho yalishaingia ukungu. Kazi siku hizi aliifanya kwa vidole. Lakini hakusahau jinsi karani alivyomrudisha mama yake mlangoni pa kituo cha kura, kwa kuwa sheria ya enzi hizo ilimpa kura mwanamke mwenye nyumba tu, na mama alikuwa mpangaji. Wanawake wakalala barabarani, wakala virungu, mpaka kifungu kile cha sheria kikafutwa. Mama alipiga kura yake ya kwanza kichwa kimejaa mvi. Halafu leo mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe anamrudishia kifungu kile kwa mlango wa nyuma.

Kituo cha kura kilikuwa darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Mwanawe akamshika kiwiko.

"Twende, mama."

"Niachie mkono."

Msimamizi akainua kichwa. "Bibi, mwanao si ndiye atakusaidia?"

"Huyu? Alinisaidia mara ya mwisho mpaka akaniibia."

Minong'ono ikaanza kwenye foleni. Umbea mtamu namna hiyo hauji kila uchaguzi.

"Mama, unaniaibisha."

"Bado. Ndiyo kwanza naanza."

Msimamizi akakohoa, akasema kisheria msaidizi huchaguliwa na mpiga kura mwenyewe.

"Basi namtaka mkwe wangu. Yuko hapo nyuma."

Mke wa muuza nyama, mtoto mgongoni, akatoka kwenye foleni. Mumewe akamsogelea. "Ukiingia naye, usirudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Bi Mkasi akauliza. "Ile nyumba imejengwa na cherehani yangu. Wewe mle unalala tu."

Kicheko kikapita foleni nzima. Mkwe hakucheka. Alimfungua mtoto mgongoni, akampachika baba yake mikononi, akamshika mama mkwe mkono.

Kwenye kibanda alimnong'oneza majina yote, Bi Mkasi akachagua, naye akakiweka kidole cha mama mkwe penye kisanduku cha jina hilo. Bi Mkasi akakandamiza kalamu kama anayetoboa ngozi.

Walipotoka, mtoto alikuwa analia. "Amempa nani?" muuza nyama akamuuliza mkewe.

"Muulize mwenye kura."

Akampita, akarudi kwenye foleni kungoja zamu yake. Bi Mkasi akavuta benchi, akakaa mlangoni. Mkwe alipoitwa, muuza nyama akainua mguu amfuate kibandani.

"Thubutu," mama yake akasema.